Direkta Anakaa Nyuma ya Darasa

Lubumbashi, tarehe 16 Oktoba 1977

Yaya Chileshe,

Yambo sana kwako, dada yangu, na kwa watoto wote wa lupango, hapo uani kwako. Sisi huku tuko wazima. Wivine amepona mgongo, amerudia kulima kashamba kake nyuma ya nyumba, na ananituma nikuambie kwamba samaki wa Kasenga walifika vizuri ila walinukia mafuta. Mwambie dereva Clément asiwafunge tena karibu na pipa ndani ya kamyo yake.

Nakuomba jambo moja. Clément asipokuja na ukatumia posta, usiandike Donat kwenye bahasha. Barua za shule zinapita kwanza mikononi mwa Sitwayeni Numbi (usimwite tena Bwana, sasa sote ni raia), mkubwa wa Chama hapa shuleni, naye tangu majina ya ubatizo yalipokatazwa husoma kila bahasha kwa sauti mbele ya walimu. Andika Kapya tu. Ndani niite unavyotaka.

Shuleni tumepata direkta mpya. Anaitwa Kalaba, alitoka Sakania, mtu mrefu, mwembamba, anavaa abakosi, koti lile lisilo na tai, moja tu ya kijivu kila siku. Direkta wa zamani alikuwa haingii darasani hata siku moja. Mwisho wa mwaka alijaza bulletin zetu, karatasi za kutupima kazi, ofisini, huyu "bon", mzuri, huyu "très bon", mzuri sana, kazi imekwisha. Huyu mpya anaingia. Anabeba kiti chake mwenyewe, anakaa nyuma kabisa, kando ya watoto warefu, anafungua kitabu kikubwa cheusi na kuanza kuandika. Siku ya kwanza chaki ilinivunjikia mara tatu. Aliona, akasema, "Mwalimu, usitetemeke. Fundisha tu sawa vile miye hapana hapa." Lakini yuko! Na kengele ikilia anakugeuzia kitabu utie sahihi yako chini ya alichoandika, na tarehe, na saa.

Anasema zamani alifanya kazi Kasenga. Je, unamfahamu?

Ni mimi mudogo wako,
Kapya Donat

---

Kasenga, tarehe 9 Novemba 1977

Mudogo wangu Donat,

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Watoto hawajambo. Mkubwa ameanza kufanana na baba yake namna ya kutembea, ananishtua akiingia mlangoni. Mvua imechelewa, mto Luapula uko chini sana, wavuvi wanakwenda mbali na samaki ni wadogo. Nashukuru Mungu kwa Wivine. Mwambie apake mafuta ya mawese yenye moto kidogo na asibebe maji kichwani mpaka mwezi uishe.

Kuhusu huyo Kalaba. Ndiyo, alikuwa huku.

Donat, fanya hivi. Omba uhamisho. Nimesikia Mokambo wanatafuta walimu wa mwaka wa tano, na Wivine ana shangazi yake huko. Ukishindwa kuhama, basi mbele ya huyo mtu fundisha kilichoandikwa katika kitabu, usiongeze neno, usimzoee, usile nyumbani kwake. Usimtegemee kwa kitu chochote, mudogo wangu. Kwa kitu chochote.

Usiniulize sababu. Kama ungekuwa hapa mbele yangu pia nisingekuambia.

Yaya wako,
Chileshe

---

Lubumbashi, tarehe 22 Januari 1978

Yaya Chileshe,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umekwisha kuanza kuzeeka. Clément alikwama siku tisa njiani, daraja lilibebwa na maji, ndiyo maana barua hii inakuja na harufu ya matope. Wivine ana mimba ya miezi miwili. Hatujamwambia mtu, wewe ni wa kwanza.

Uhamisho niliomba. Ensipekta alisema nisubiri mwaka mpya wa masomo.

Yaya, umeniwekea mwiba mwilini na hutaki kuutoa. Tangu niliposoma barua yako, kila direkta akiingia na kile kiti chake napoteza hesabu zangu. Nami sielewi huyu mtu ni wa namna gani. Mwezi wa kumi na mbili aliandika juu yangu: "Mwalimu anauliza watoto watano wa mbele tu. Wengine arobaini na sita wanamtazama." Nilikasirika sana, nikatia sahihi. Kesho yake alikuja na mche wa sabuni na uzi, akaniomba nimpe darasa nusu saa. Akawafundisha sehemu za namba kwa kukata ile sabuni kwa uzi mbele yao, nusu, robo, nusu ya robo, halafu akamwita Nkandu, yule msichana wa nyuma ambaye mimi nilidhani ni bubu. Nkandu akakata, akasema jibu. Darasa zima likapiga makofi. Baadaye direkta akanituma nikakae katika darasa la mwenzangu wa mwaka wa sita nione anavyouliza maswali, na yeye mwenyewe akawashika watoto wangu saa hiyo.

Je, mtu mbaya anafanya hivyo? Au ndivyo anavyofanya mtu mbaya mwenye akili?

Numbi naye amenisimamisha njiani, karibu na bendera. "Ule direkta iko naandika kwa nani?" aliniuliza. "Bulletin ni moja kwa mwaka. Yeye iko naandika kila juma. Ile karatasi yote inaenda wapi?" Nilimwambia sijui. Sikusema kitu kikubwa.

Niambie ulichokiona kwa Kalaba, nakuomba.

Kapya Donat

---

Kasenga, tarehe 26 Februari 1978

Donat,

Yambo kwako na kwa Wivine. Mimba ya kwanza inataka mtu apumzike, usimwache aende salongo kufagia barabara Jumamosi. Aandikiwe karatasi na muuguzi. Mtoto wangu wa pili aliugua malaria juma zima, sasa anakula.

Umeandika kwamba kwa Numbi hukusema kitu kikubwa. Sasa kitu kidogo ulichosema ni kipi?

Huku watu wa Zambia wanavuka kama kawaida, wanauza sukari, lakini askari wameongezeka ufukweni, nao wanauliza watu majina ya ndugu zao. Sipendi. Mwaka jana vita ilipoanza upande wa Kolwezi na Dilolo, waliuliza hivyo hivyo.

Kaa kimya, fanya kazi yako, rudi nyumbani kwako.

Chileshe

---

Lubumbashi, tarehe 4 Juni 1978

Yaya wangu,

Umekaa zaidi ya miezi minne bila barua yangu. Njia ilifungwa kwa ajili ya vita vya Kolwezi, utasema hivyo ukiulizwa, na mimi nitasema hivyo. Tuko wazima. Wivine amevimba miguu lakini anatembea.

Nataka kukueleza kilichotokea, kwa utaratibu, kama ninavyowafundisha watoto.

Jumatatu tarehe 29, kabla ya mapumziko, Numbi alikuja mlangoni mwa darasa langu akasema naitwa ofisini. Nilikuta wanaume wawili wasiovaa sare. Direkta alikuwa nyuma ya meza yake, amesimama. Mmoja akaniuliza, "Kapya ni weye?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Balikuona ku Mokambo. Tarehe kumi, kumi na moja, kumi na mbili ya mwezi wa tano. Ulikuwa unaonyesha njia kwa bale bantu balitoka Zambia kwenda kupiga Kolwezi."

Yaya, unajua naenda Mokambo. Kila mtu hapa anakwenda, tunanunua sabuni na mafuta. Nilianza kufikiri kama kweli nilikwenda siku zile. Hofu inakufanya usijijue tena.

Direkta akasema, "Hapana. Alikuwa mu klasi."

"Nani alimuona?"

"Miye. Nilikuwa mule mule."

Akafungua kile kitabu cheusi. Akakipeleka mbele yao, akaanza kuwasomea, polepole, bila kuwatazama. Jumatano tarehe kumi, saa mbili asubuhi, mwaka wa tano, sehemu za namba. Mwalimu amechanganya sehemu ya juu na ya chini, amejisahihisha mwenyewe. Alhamisi tarehe kumi na moja, saa hiyo hiyo, watoto kumi na tisa wameulizwa, si watano tena. Mwalimu ameanza kugeuka kutoka ubaoni. Ijumaa tarehe kumi na mbili, saa ya mwisho, usafi wa mwili. Nkandu amesoma kwa sauti. Chini ya kila siku, sahihi yangu. Siku zile tatu alikuwa amekaa nyuma yangu mfululizo mpaka nikamchukia, na sikukuandikia hata hilo.

Wale watu walipindua kurasa. Walimu wote kumi na wawili walikuwamo, tangu Oktoba. Walitazamana. Mmoja akamwambia Numbi, "Basi," wakatoka.

Nilitaka kumshukuru direkta. Aliketi, akaandika tarehe na saa kwenye ukurasa mpya. "Rudia mu klasi, mwalimu," alisema. "Batoto banapiga kelele."

Ijumaa tarehe 2 walirudi. Safari hii hawakuniita mimi. Tuliona kupitia madirisha, watoto wote walisimama kwenye madawati. Walimtoa direkta kati yao, mmoja amebeba kitabu chini ya kwapa. Uani walisimama kidogo kwa sababu alitaka kufunga ofisi kwa ufunguo. Nilisikia mmoja akimwuliza, "Weye iko naandika bantu bote, siku zote, saa zote. Nani alikutuma?" Naye akajibu, "Hakuna muntu alinituma. Ni kazi ya direkta." Walikuwa na karatasi yenye sahihi ya mwalimu mmoja wa hapa, aliyeshuhudia kwamba direkta anaandika siri juu ya watu. Numbi aliisoma mbele yetu saa sita, bila kutaja jina.

Hatujui yuko wapi. Sasa niambie. Kwa nini ulinionya juu ya mtu huyu?

Kapya

---

Kasenga, tarehe 25 Juni 1978

Mudogo wangu,

Siwezi kuanza na habari za mto wala za mvua. Watoto ni wazima. Yambo kwa Wivine.

Kalaba alikuwa direkta wa shule ya hapa mwaka wa 1971. Wewe ulikuwa bado shule ya ualimu huko Lubumbashi, ulikuja kwenye kilio miaka mitatu baadaye na hukuuliza, nami nilikushukuru kwa kutouliza. Walipokuja kumchukua mume wangu Ngosa, walisema wanafunzi wa Lubumbashi walikuwa wamefanya mkutano Jumatatu moja, na Ngosa alionekana kati yao. Jumatatu ile Ngosa alikuwa anafundisha. Mimi mwenyewe nilimpelekea chakula saa nne. Lakini mke si shahidi. Walimwuliza direkta: huyu alikuwa darasani? Kalaba alikuwa haingii madarasani wakati ule. Hakuwa na karatasi hata moja. Akasema, "Sijui."

Neno moja tu. Hakumsingizia. Alikuwa hajui kweli, kwa sababu hakuwa ametoka ofisini kwake, na aliogopa kusema anajua. Ngosa wakamweka kwenye gari. Miaka miwili nilikuwa nakuja Lubumbashi na kusimama kwenye dirisha la ile ofisi ya nyuma ya posta wanapowekwa waliokamatwa, wewe ukidhani nakuja kuuza samaki. Mwaka wa tatu karani akaniambia nisirudi.

Kalaba alikuja kwangu siku moja, kabla ya kuhamishwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimfungia mlango, akabaki nje mpaka mvua ikanyesha. Nilimwona kwenye ufa wa dirisha. Sikufungua.

Ningekueleza hayo Novemba, ungejua kwamba ni mtu aliyeogopa mara moja na ambaye labda hataki kuogopa tena. Lakini nilitaka umchukie bila kuuliza. Nilitaka mtu mwingine amchukie pamoja nami. Sasa nimesoma jinsi alivyosimama mbele ya wale watu na kile kitabu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Jambo lingine. Mke wake, Laurentine, ametolewa katika nyumba ya shule, yeye na watoto. Mama yake ni mtu wa Kasenga. Alifika Jumanne na kamyo ya Clément, akakuta mama yake amekwenda kuzika ndugu upande wa Zambia na nyumba imefungwa. Hakuwa na pa kwenda. Yuko hapa kwangu. Analala chumba changu, watoto wake na wangu wamelala mkeka mmoja. Hajui kwamba mimi ni mjane wa Ngosa; au anajua, hasemi.

Kila asubuhi ananiuliza swali moja: "Yaya, ni nani alitia sahihi?"

Wewe unamjua, Donat?

Chileshe

---

Lubumbashi, tarehe 9 Julai 1978

Yaya,

Namjua. Ni mimi.

Ilikuwa tarehe 3 Februari. Numbi aliniita nyumbani kwake, akanipa kiti kizuri na chupa ya bia. Alisema kuna mashitaka juu ya walimu fulani na kwamba yanatoka kwa direkta, kwenye kile kitabu. Nikakumbuka barua yako, usimtegemee kwa kitu chochote. Nikakumbuka yale ya watoto watano wa mbele, na jinsi yalivyonichoma. Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilisema tu kwamba direkta anaandika siri juu ya walimu kila juma, na kwamba hatujui kwa ajili ya nani. Nilijiambia kwamba hakuna uongo humo. Kweli anaandika, kweli hatujui. Nikatia sahihi upesi, nikanywa bia yote.

Sisemi kwamba ni barua yako iliyonisukuma. Mkono ni wangu.

Ningeweza kumwuliza mwenyewe, "Direkta, unaandika kwa nini?" Miezi minane aliketi hatua kumi kutoka kwangu, sikumwuliza. Na yeye alinitazama akinifundisha kazi yangu, hakuniambia aliyoyaona Kasenga. Alijua mimi ni ndugu yako, nina hakika. Anajua jina langu na kijiji changu. Viko kwenye fishi yangu, karatasi ya kazi. Sasa naelewa kwa nini alikaa nyuma yangu kuliko wengine wote.

Juzi Numbi aliniita tena. Wananipa udirekta wa muda. Nijaze bulletin za walimu kumi na mmoja kabla ya likizo, na kuna mstari mpya wa "uaminifu kwa Chama". Majina mawili alinitajia tayari, ambayo mstari wao uandikwe "médiocre", yaani hafai. Mmoja ni yule mwenzangu wa mwaka wa sita, aliyenionyesha jinsi ya kuuliza maswali. Nilikataa. Nilisema sijakaa katika darasa la yeyote kati yao, basi siwezi kuandika. Numbi alicheka, akasema, "Nani anakuuliza kama ulikaa?"

Kesho Jumatatu nitakwenda kwenye ile ofisi ya nyuma ya posta. Nitasema nafuta sahihi yangu, na kwamba mimi ndiye niliyefundishwa na kitabu kile, na nitaeleza kila ukurasa ninaoukumbuka. Wivine amelia, kisha amepiga pasi shati langu. Namtuma kwa shangazi yake Mokambo kwa usalama. Ataondoka na treni ya asubuhi.

Barua hii nampa Clément mkononi. Akirudi kwako safari ya pili bila neno langu, unajua pa kuulizia.

Mwambie Laurentine. Au ngoja nije nimwambie mwenyewe. Hapana. Mwambie.

Mudogo wako,
Donat

---

Lubumbashi, tarehe 13 Agosti 1978

Kwa Sitwayeni Kapya,

Yambo, mudogo wangu. Barua kwa waliofungwa inapokelewa moja kwa juma, bila bahasha, kwa hiyo nitaandika yale tu ambayo kila mtu anaweza kusoma.

Wivine amejifungua huko Mokambo tarehe 30 Julai, kabla ya wakati. Ni msichana, mdogo sana, lakini ananyonya kwa nguvu. Jina linakusubiri wewe. Watoto wangu niliwaacha kwa mama yake Laurentine, aliyerudi. Mto umeanza kushuka, samaki ni wengi.

Clément alikuja safari ya pili mikono mitupu. Jioni ile nilimwita Laurentine, nikamsomea barua yako yote, tangu tarehe mpaka jina lako la chini. Halafu nikamwambia na yangu ya mwaka wa 1971, na habari ya mlango. Siku mbili alikuwa anateka maji, anafua, anapika, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Siku ya tatu alikuja na kitambaa chake kimefungwa kichwani, akaniuliza, "Kule, banaanzia wapi? Dirisha gani? Siku gani?" Nikamwambia kwamba mimi najua yote hayo, na kwamba tutakwenda wote.

Tumefika Jumatano. Tumepanga kwa familia ya Wakatoliki katika mtaa wa Kamalondo, watu wa kaskazini, wametupokea vizuri. Dirisha ni lile lile, wamebadilisha rangi tu. Karani ni kijana, hanikumbuki.

Jana asubuhi Laurentine aliamka kabla yangu. Nilimkuta amesonga bukari, amepika sombe, majani ya muhogo, na samaki, amejaza sahani mbili na kuzifunga kila moja kwa kitambaa. Sikuuliza ya pili ni ya nani. Tulisimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili mpaka saa tano.

Karani alitazama daftari yake. Kwa jina lako alisema, "Ule iko." Nikasogeza sahani zote mbili dirishani. Kwa jina la Kalaba alipindua ukurasa, akapindua mwingine, akarudi nyuma. Akasema, "Ule hapana hapa. Balimupeleka." Laurentine akamwuliza wapi. Akasema hajui, labda Kinshasa, turudi mwezi ujao, labda itakuwa imeandikwa. Akachukua sahani yako, akaisukuma ya Kalaba kwetu.

Laurentine hakuipokea. Alisimama pale, watu nyuma wameanza kunung'unika. Akaweka mkono wake juu ya kile kitambaa, akairudisha ndani ya dirisha.

"Basi," alimwambia, "umupe ule mwenye iko hapa, Kapya, sahani zote mbili."

Yaya wako,
Chileshe